Gari Lililonusa Mafuta

Nilifika Kitengela kwa gari ambalo halikuwa langu, na wanaonijua hawatashangaa. Miaka hiyo kazi yangu ilikuwa kuyatoa magari bandarini Mombasa na kuyafikisha bara kwa wenyewe. Unakabidhiwa ufunguo, unakabidhiwa namba ya simu ya mtu usiyemjua, halafu unaanza kuipanda nchi. Kazi hiyo ilinifaa. Tangu nimalize kidato cha nne sijawahi kukaa mji mmoja hadi nikajua jina la mbwa wa jirani, na barabara ya Mombasa kwangu ilikuwa kama albamu ya picha. Hapa Mariakani nililala juu ya magunia ya saruji. Hapa Voi nilikaa msimu mzima nikikaanga chipsi. Hapa Mtito Andei niliachwa na lori na mwanamke asubuhi moja. Kila mji nikiupita nauonea hamu, na sisimami.

Gari la safari hiyo lilikuwa dogo la kifahari, la aina ile iliyoinuka kidogo: kimo cha gari la shamba, adabu ya gari la harusi. Lilikuwa na rangi ya maziwa, viti vya ngozi, skrini pana kama trei ya chai, na kitufe chenye tabia tatu: ya kubana matumizi, ya kawaida, na ya mbio. Kutoka Mombasa nilikuwa nyuma ya malori, kwa hiyo nikabana. Baada ya Voi njia ikafunguka, nikajaribu ya mbio. Injini ilikuwa ya petroli, lita mbili na tabo ya kuiongezea nguvu. Haikunguruma. Ilivuta pumzi tu, kama mtu anayetaka kusema jambo, halafu ukakuta umeshalipita lori na umeliacha nyuma hata wazo ulilokuwa ukiliwaza.

Emali nikanywa chai. Athi River nikakata kushoto kuingia barabara ya Namanga, na upepo wa uwanda ukaanza kulisukuma gari ubavuni kama ng'ombe anayejikuna.

Mwenye gari nilimkuta langoni kwake Noonkopir, humo humo Kitengela. Nadhani alikuwa amesimama pale tangu nilipopita Sultan Hamud. Alikuwa mzee mrefu, mwenye koti na kofia, na miwani myeusi kwa sababu jicho moja lilikuwa limetoka kupasuliwa mtoto wa jicho na la pili lilikuwa likingoja zamu yake. Alitoka Nyeri zamani, akanunua ardhi Kitengela wakati watu wakimcheka kwamba amenunua upepo. Sasa upepo huo ulikuwa umejaa magorofa, na yeye alikuwa ameuza kipande chake ili anunue kitu cha kumfurahisha kabla ya kufa. Hayo aliniambia baadaye. Siku hiyo hata hakuniuliza safari ilikuwaje. Alilizunguka gari, akalipapasa boneti, akasema:

"Imekunywa?"

Mtu akikuonyesha mtoto wake mchanga, husemi ana kichwa kikubwa. Nikajibu, "Mzee, haikunywa. Ilinusa tu."

Alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani. "Umesikia, Mama?" aliita kuelekea nyumbani. "Ati ilinusa!"

Mke wake alitoka akijipangusa unga wa chakula cha ng'ombe mikononi. Alikuwa na duka la chakula cha mifugo mbele ya nyumba, na ndiye aliyeendesha kila kitu katika boma lile isipokuwa gari. Aliniangalia mimi, hakuliangalia gari.

"Wacha inuse," alisema. "Ukaribishwe chai, kijana."

Nilikuwa na miaka arobaini na kitu, lakini kwa watu wale wawili nilikuwa kijana, na sikulalamika. Daktari alikuwa amemkataza mzee kushika usukani hadi jicho la pili lifanyiwe kazi, kwa hiyo kabla chai haijapoa nilikuwa nimeajiriwa. Nilipewa chumba nyuma ya duka. Nilijiambia nitakaa mpaka mvua. Mvua ilikuja ikaenda, nikawa bado nipo.

Gari lile lilikuwa na historia ya ugomvi kabla halijafika. Wakati wa kuliagiza walikuwa wameambiwa kwamba umbo ni moja lakini injini ni tatu: dizeli, petroli ya tabo, na haibridi, yaani petroli inayosaidiwa na betri. Mama alitaka haibridi. Mzee alisema dizeli ni ya malori na ya kinu cha kusaga, na gari la betri ni redio.

"Redio yangu haijawahi kuniomba mafuta," Mama alimjibu.

"Na haijawahi kukufikisha Kajiado."

Kajiado, mbele kwenye barabara ya Namanga, ndiyo iliyokuwa shabaha ya yote. Kila siku ya soko la mifugo tulikwenda. Mzee hakuwa na biashara yoyote pale. Alikuwa na rafiki, Mmasai mfanyabiashara wa mafahali, wakibishana kwa miaka thelathini kuhusu jambo moja: kama ng'ombe mwekundu anastahimili kiangazi kuliko mweupe. Walikaa juu ya bomba la uzio wa zizi, mmoja na fimbo yake, mwingine na kofia yake, wakitukanana kwa upole hadi jua lipinduke. Kisha tukala nyama, tukarudi. Mzee asipokwenda Kajiado wiki moja alikuwa akizunguka nyumbani akifungua na kufunga madirisha.

Rafiki yule alilipenda gari kwa sababu moja. Injini ilikuwa na desturi ya kujizima yenyewe kila gari liliposimama, ili isiteketeze mafuta bure. Tulipofika zizini, kimya kikaingia ghafla, na yeye alikuwa akingoja hapo hapo.

"Supa!" alimwamkia kwa Kimasai.

"Ipa!" mzee aliitikia.

"Gari yako imekufa tena?"

"Imepumzika. Wewe ng'ombe zako hazipumziki?"

"Zinapumzika. Lakini hazifi kila zikiona taa nyekundu."

Njiani mzee alikuwa na burudani yake: skrini. Katikati ya skrini kulikuwa na tarakimu kubwa iliyoonyesha matumizi ya mafuta, na jicho lake lililopona liliweza kuiona vizuri. Sisi sote hapa nchini tunajua gari hupimwa kwa kilomita linazokwenda kwa lita moja. Ukimwambia mtu gari lako linakwenda kumi na nne, anakuheshimu. La mzee lilisoma kumi na nne, wakati mwingine kumi na tano.

"Kumi na tano!" alisema tukipanda kilima. "Na ni mlima! Umewahi kuona gari inabana mafuta ikipanda mlima?"

"Sijawahi, Mzee," nilisema, na nilikuwa nasema kweli.

Tuliposhuka, tarakimu ilianguka hadi sita, hadi nne, na yeye akanuna. "Hii miteremko inatuharibia. Kanyaga kidogo." Nikikanyaga, inapanda. Akafurahi. Pembeni ya tarakimu kulikuwa na herufi ndogo sana. Yeye hakuweza kuziona, na mimi niliziona kama unavyoyaona maandishi ya kiberiti, kila siku, bila kuyasoma.

Kanisani aliisambaza habari. Kwenye mchango wa kuezeka jumba la vijana alipewa nafasi ya kusalimu watu, akasalimu kwa dakika moja na kulizungumzia gari kwa kumi. "Hainywi," aliwaambia. "Inanusa." Neno langu la adabu likawa ushuhuda.

Lakini tangi lilikuwa na mawazo yake. Huku kwetu gari halijazwi, hulishwa kwa kijiko. Mtu huingia kituoni akaomba mafuta ya noti moja, akaondoka taa ya onyo ikiwa bado inawaka, na maisha yakaendelea. Kwa hiyo hakuna anayejua hasa gari lake linakula kiasi gani, anajua tu kwamba taa imewaka tena. Ya kwetu iliwaka kama taa ya Krismasi. Mzee aliamini tunaibiwa na watu wa pampu. Tukabadilisha kituo, tukabadilisha tena, mpaka kati ya Kitengela na Isinya hapakuwa na kituo ambacho hatujakishuku. Mimi niliamini tangi linavuja. Nililala chini ya gari na tochi, nikatoka na vumbi tupu.

Mama naye alikuwa na hesabu yake, na siku moja aliniita dukani nimsaidie kupanga magunia.

"Kijana, wewe umeokoka?"

"Najaribu, Mama."

"Usijaribu. Niambie. Hii gari inaenda kilomita ngapi kwa lita?"

"Mzee anasema kumi na nne."

"Mzee nimemsikia kanisani. Nimeuliza wewe."

"Hata skrini inasema kumi na nne, Mama. Nimeona kwa macho yangu."

"Sawa. Kajiado kwenda na kurudi ni kama kilomita mia. Gawanya."

Nilisimama na gunia begani nikigawanya. "Lita saba. Na kidogo."

"Lita saba na kidogo. Na pesa ya mafuta mimi ndiye natuma kwa simu. Kila soko natuma ya lita kumi na nne, kumi na tano." Alikung'uta mikono. "Saba zinaenda Kajiado. Hizo saba zingine zinaenda wapi?"

Nililishusha gunia, nikalipanga juu ya mengine.

"Kama gari inanusa," alisema polepole, "nani anakunywa?"

Kisha akatoa mfukoni kishikizo cha ufunguo kilichoshonwa kwa shanga, chekundu na cheupe, ambacho mzee alikuja nacho kutoka sokoni. "Shanga kama hizi zinauzwa Namanga, mpakani. Mafuta hayo saba yanakufikisha Bissil, mbele ya Kajiado, na kukurudisha, na yanabaki. Mtu aliyefika Bissil atashindwa na Namanga? Na kwa nini haweki mafuta mahali pamoja? Anaficha nini?"

"Mama, naapa, hatujawahi kupita Kajiado. Mzee anakaa kwenye bomba anabishana na rafiki yake kuhusu ng'ombe."

"Miaka thelathini? Kuhusu rangi?" Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayetazama uongo uliovaliwa vibaya. "Dereva ni kufuli. Sikulaumu. Lakini mimi nimepanga begi langu. Kifungua mimba wangu yuko Nakuru, ana chumba cha wageni. Nikienda, sirudi. Siwezi kuzeeka nikimlipia mtu mafuta ya kwenda kwa mwanamke mwingine."

Sauti yake haikupanda. Aliendelea kupima pumba kwa mteja aliyeingia, na akamwongezea kidogo juu, kama kawaida yake.

Nilimwambia mzee tukiwa njiani siku ya soko. Mwanzo alifurahi. Alikishusha kioo cha mbele ya kiti chake akajitazama, akainua kidevu. "Namanga? Mimi?" Kisha nikamwambia habari ya begi, na kidevu kikashuka.

"Amesema Nakuru?"

"Amesema hatarudi, Mzee."

Tulipoipita Isinya nikamwambia, "Mwambie tu ukweli. Gari inakunywa. Mahali fulani, kwa njia fulani, inakunywa."

"Skrini unaiona?"

"Naiona."

"Inasema nini?"

"Kumi na nne."

"Basi nitasemaje inakunywa?" Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kijana, hii gari nimeitolea ushuhuda."

Masikini alikuwa amejifungia chumba na kumeza ufunguo. Kadiri gari lilivyokuwa na sifa, ndivyo yeye alivyoonekana mkosaji. Ili mke amwamini, ilibidi alitukane gari, na kulitukana hakuwa na ushahidi. Siku ile hata rafiki yake alimshinda kwenye ubishi. Alikubali kwamba mweupe ana mafigo mazuri, jambo ambalo hajawahi kulikubali.

Mama ndiye aliyekata shauri. Wiki iliyofuata alifunga duka siku ya soko, jambo ambalo hata misiba haikuwahi kumfanya alifanye, akatokea amevaa nguo ya kanisani. "Leo tunaenda wote," alisema. "Tutajaza tangi hapa mpaka juu, mpaka lidondoke. Tutaenda Kajiado, turudi, tujaze tena pampu ile ile. Kitakachoingia ndicho ilichokunywa. Kikiwa ni saba, mimi nashukia hapo hapo kituoni, napanda ya Nakuru. Kikiwa zaidi, basi mwongo ni gari, na gari itauzwa."

Alinipa begi niliweke nyuma. Lilikuwa zito.

Kabla hatujaondoka Mama alinifuata jikoni, akanifungulia bakuli la mukimo, viazi vilivyopondwa na mboga, lenye kitoweo juu yake, nyama nyingi kuliko viazi. Nilikula nikiwa nimesimama. Akasogea. "Mwanangu," alisema, na hilo la mwanangu lilikuwa jipya, "unaweza kuendesha gari mpaka inywe sana?"

"Naweza, Mama. Ni kukanyaga tu."

"Basi kanyaga." Alikuwa akitazama sufuria, hakunitazama mimi. "Nataka inywe. Sitaki iwe saba."

Nilipotoka, mzee alinivuta nyuma ya tangi la maji. "Akifika Kajiado ataona mwenyewe hakuna mwanamke. Hiyo imeisha. Lakini gari lazima isafishwe jina. Leo nataka skrini isome namba ambayo haijawahi kusoma. Ukiifikisha kumi na saba nakununulia mbavu nzima."

"Nifanyeje, Mzee?"

"Si unajua? Kanyaga!"

Katika maisha yangu ya kuendesha watu sijawahi kupata mabosi wawili waliokubaliana namna hiyo. Nilibonyeza kitufe cha mbio nikiwa na dhamiri safi na tumbo limejaa.

Kituoni binti wa pampu alijaza tangi mpaka petroli ikadondoka kwenye rangi ya maziwa. "Guka, leo kuna harusi?" aliuliza, akimwita mzee babu kwa Kikuyu, maana hajawahi kutuona tukijaza. Mzee alimwambia aifute vizuri. Nikafuta mahesabu ya zamani kwenye skrini ili yaanze upya, tukaondoka.

Gari lile halijawahi kwenda vile. Kila lori nililolikuta nililipita, kila kilima nilikipanda kama nimetumwa daktari. Kumi na tano. Kumi na sita. Mzee alikuwa akipiga goti lake. "Mama, unaona? Kumi na sita! Unaona hapo?"

Mama alikuwa kiti cha nyuma. Nilimwona kwenye kioo. Aliona vizuri ile tarakimu kubwa, na kila ilipopanda alishika mkoba wake kwa nguvu zaidi. Kwake yeye kumi na sita ilimaanisha mafuta kidogo zaidi, na mafuta kidogo zaidi yalimaanisha Nakuru. Aliniangalia kwenye kioo kama mtu aliyeliwa mukimo wake bure. Nikamhurumia, na kwa kumhurumia nikakanyaga zaidi. Ikafika kumi na saba. Akafumba macho.

"Mbavu nzima!" alipaza sauti mzee.

Zizini injini ikajizima, kimya kikaingia.

"Supa! Imekufa tena?" Rafiki alikuwa palepale juu ya bomba. Kisha akamwona Mama, akashuka, akapangusa mkono kwenye shuka lake kabla ya kuunyosha. "Leo umemleta mwenyewe? Mama, karibu. Miaka yote hii nilidhani amekubuni, ili awe na mtu wa kumpikia kwenye hadithi."

"Ananisema?" Mama aliuliza.

"Kila wiki. Ati unga wako, ati kuku wako. Hata zile shanga nilimpa akuletee, mke wangu alizishona. Hakukupa?"

Mama alimgeukia mzee. Mzee alichunguza kwato za ng'ombe wa karibu.

"Alifungia funguo za gari," Mama alisema.

Rafiki alicheka hadi fimbo ikaanguka. Mama alikaa juu ya bomba kati yao, na nguo yake ya kanisani, akasikiliza ubishi wa mwekundu na mweupe toka mwanzo hadi mwisho. Mwishowe alitoa maoni yake: kwamba ng'ombe ni chakula, rangi ni mdomo wa wanaume. Wote wawili walimwambia hajui kitu. Nilidhani mambo yamekwisha, lakini wakati wa kuondoka alinong'ona kando yangu, "Mahali nimepaona. Mtu nimemwona. Lakini lita saba bado sijaziona."

Kurudi nilikanyaga vilevile. Mbavu nilikuwa nimeshazila.

Kituoni binti aliingiza bomba la pampu, na sisi watatu tukashuka tukasimama mstari mmoja kama watu wanaosikiliza wosia. Tarakimu za pampu zikaanza kuzunguka. Tatu. Nne. Mzee alikuwa akitabasamu. Tano. Sita. Mama aligeuza uso akaanza kutazama magari ya upande wa Nairobi. Saba.

Pampu haikusimama.

Nane. Mama aligeuka. Tisa. Kumi.

"We msichana, angalia hiyo mashine," mzee alisema.

"Iko sawa, Guka."

Kumi na moja. Kumi na mbili. "Simamisha! Hiyo ni wizi! Nilisema hawa ni wezi!"

"Wacha inywe!" Mama alipaza sauti, na watu wa pampu ya pili wakageuka. "Usiisimamishe! Wacha inywe, mpenzi, iongeze!" Alikuwa ameushika mkono wa binti ili asitoe bomba. Kila lita iliyoingia ilimwondolea mume wake kosa moja, na uso wake ulikuwa ukifunguka kama duka asubuhi. Uso wa mzee ulikuwa ukifungwa. Kumi na tano. Kumi na sita. Petroli ikachungulia mdomoni, ikadondoka kwenye rangi ya maziwa, na pampu ikasimama.

Kumi na saba.

"Na kule ndani inasema ngapi?" Mama aliuliza.

Nilifungua mlango. "Kumi na saba, Mama."

Alivaa miwani yake ya kusomea, akaingiza kichwa ndani ya gari, akakaa huko muda mrefu hadi mzee akaanza kukohoa.

"Hii L hapa kando ni ya nini?"

"Ya wanafunzi wa udereva," mzee alisema bila kufikiri. "Mama, toka hapo."

"Na hii mia baada yake?"

Mimi nilikuwa nimeshaanza kuelewa, na nikahisi masikio yanapata moto. Huko gari lilikotengenezwa hawahesabu kilomita za lita moja. Wanahesabu lita za kilomita mia. Namba ikipanda, gari linakunywa zaidi. Na sisi, msimu baada ya msimu, tulikuwa tukikanyaga ili ipande.

Mama alikitoa kichwa. Alijaribu kusema, akashindwa, akashika mlango, akacheka hadi miwani ikaanguka kifuani. "Ngai! Ulikuwa unasifu ulevi wake kanisani!"

"Mama, watu wanasikia."

"Na wasikie! Kumi na saba! Na kumi na nne ameitangaza mbele ya pasta!"

Mzee alisimama akitazama pampu, kisha gari, kisha mimi. "Wewe ulisema ilinusa," aliniambia. Halafu naye akaanza kucheka, polepole, mabega kwanza. Nilipolishusha begi nyumbani nilisikia vichupa vikigongana ndani yake. Zilikuwa dawa za macho za mzee. Sijui alitaka kufika nazo Nakuru kumwekea nani, sikuuliza.

Neno la Mama lilikuwa neno. Mwongo alikuwa gari, na gari likauzwa. Jicho la pili lilipasuliwa likapona, na haibridi ikaja, umbo lile lile, hata rangi. Mzee aliiendesha mwenyewe. Siku za soko duka lilikuwa likifungwa, na Mama alikaa mbele na flaski ya chai na jicho kwenye skrini. Walipigania tarakimu ishuke, mzee akiachia kanyagio la mafuta kila mteremko kwa utaratibu kama anayelaza mtoto. Nilikwenda nao mara moja, nikakaa nyuma. Hawakunigombeza, hawakunisahau, lakini nilijiona kama magurudumu mawili ya ziada. Nikaanza kuota Mariakani. Mimi nikianza kuota miji, najua.

Bahati nzuri gari la zamani lilipata mnunuzi, wakala wa forodha mpakani, na alitaka lipelekwe. Mama aliposikia mpaka wenyewe ni upi alicheka tena. "Mwishowe limefika Namanga," alisema, akanifungia mukimo kwenye bakuli ambalo alisema nisirudishe. Hivyo nilijua kwamba amejua.

Asubuhi hiyo nilikuwa na begi moja. Wazee wawili walisimama langoni pale pale aliponipokea mzee siku ya kwanza, isipokuwa sasa hakuwa na miwani myeusi na alikuwa ananiona.

"Huko akikuuliza inakunywaje," Mama alisema, "mwambie ukweli."

"Nitamwambia, Mama."

Mzee aliinama dirishani. Aliitazama ile tarakimu kubwa, na sasa aliweza kuzisoma herufi ndogo pia. Alinyoosha mkono ndani, akabonyeza kitufe cha mbio, akapiga paa mara moja kwa kiganja.

"Kanyaga, kijana."

Nikakanyaga. Kabla sijafika kona tarakimu ilikuwa imefika ishirini na mbili.